Umefika Dubai kufanya kazi? Jinsi ya kuishi wiki na kutoka siku ya ofu bila kumaliza mshahara

Kila baada ya wiki mbili tatu napata meseji ile ile. Kaka nimeingia Dubai juzi, niko kempu (makazi ya wafanyakazi), ofu yangu Jumapili, metro (treni ya mjini) inapandwaje, niende wapi, na eti ni kweli WhatsApp haipigi? Nimejibu kwa voice note mara nyingi sana na kila nikijibu kuna kitu nasahau, kwahiyo leo nimekaa nimeandika yote sehemu moja. Mi natokea Tanga, huu mwaka wa sita niko hapa, nilianza kama mlinzi sasa niko hotelini. Haya ni ya mtu wa mshahara wa kawaida, sio ya mtalii.

Kabla ya yote, siku yako ya ofu usiilale yote. Najua mwili umechoka, shifti ya masaa 12 umesimama sio mchezo. Lakini nimeona watu wana miaka miwili hapa wanachojua ni kempu, basi la kampuni na saiti, basi. Kila ofu mtu kalala na simu usoni mpaka jioni, akiamka kichwa kinauma na roho nzito, mkataba unaisha hajaiona hata bahari ambayo iko nusu saa kutoka kitandani kwake. Ukitoka hata masaa manne tu, wiki inayofuata inabebeka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Emirates ID yako (kitambulisho cha mkazi wa hapa), au kama bado haijatoka basi picha ya pasipoti na viza kwenye simu
- Kadi ya nol ya kulipia nauli (hatua ya 2 nimeeleza)
- Simu yenye chaji na data kidogo, na ramani umeidownload kabisa ukiwa kwenye waifai ya kempu
- Dirham 20 hivi taslimu zikiwemo sarafu za dirham moja moja, utaona kwanini
- Chupa ya maji, kofia, na kwa kinadada mtandio mwepesi kwenye pochi
- Viatu ulivyovizoea. Hapa utatembea kuliko unavyofikiria, moli peke yake inamaliza miguu

Hatua kwa hatua

1. Wiki ya kwanza ujue mtaa wako tu. Usikimbilie Burj Khalifa. Zunguka karibu na unapolala ujue duka la vyakula liko wapi, famasia, kituo cha basi na namba za mabasi yanayopita, msikiti, na kafeteria. Kafeteria ni vile vimgahawa vidogo vya Wahindi wa Kerala, chai ya karaki (ya maziwa na viungo) na parata unakula kwa dirham chache na ndio itakuwa msosi wako siku hujapika. Kwa Wakristo, makanisa yako sehemu maalum, yako Oud Metha na yako Jebel Ali, na ibada zinafanyika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kwahiyo hata ofu yako ikiwa siku yoyote kati ya hizo hukosi.

2. Nunua kadi ya nol. Ile ya silva ni dirham 25 na ndani yake unakuta 19 za kusafiria. Unaigusisha getini ukiingia na unaigusisha tena ukitoka. Narudia, UKITOKA PIA, na kwenye basi pia unagusisha ukipanda na ukishuka, kwasababu nauli inahesabiwa kwa zoni: zoni moja dirham 3, mbili dirham 5, zaidi ya hapo 7.50. Wageni wengi wanashuka kwenye basi bila kugusisha, mashine haijui umeshukia wapi inakukata nauli kubwa alafu mtu analalamika kadi inaibiwa. Na ukibadilisha kutoka basi kwenda metro ndani ya dakika 30 inahesabiwa safari moja, kwahiyo usishuke ukaenda kunywa chai kwanza. Basi la mjini halipokei hela mkononi, hata ukimbembeleza dereva.

Ndani ya metro hakuna kula, kunywa wala kutafuna bigijii, faini dirham 100. Kuna sehemu ya wanawake na watoto imechorwa mstari wa pinki sakafuni, mwanaume ukisimama humo ni 100 nyingine. Behewa la mbele au la nyuma lenye viti vya ngozi ni la gold, daraja la juu, kadi yako ya silva haliihusu. Hii inawapata watu wengi sana siku ya kwanza maana wanaona kuna nafasi wanaingia tu, mkaguzi akija hakuna cha mimi mgeni.

Masaa ya metro, kwa saa zetu za Kiswahili: Jumatatu mpaka Alhamisi na Jumamosi inaanza saa 11 alfajiri mpaka saa 6 usiku, Ijumaa inaongezwa mpaka saa 7 usiku, Jumapili inaanza saa 2 asubuhi. Hiyo ya Jumapili ishike, watu wanaamka mapema wanaenda kusimama stesheni imefungwa.

3. Gawa mshahara siku ile ile unapoingia. Mi nagawa kabla sijanunua hata soda. Ya nyumbani inaondoka kwanza, naenda duka rasmi la kubadilisha na kutuma hela, nalinganisha maduka mawili kwasababu dirham imefungwa kwa dola, 3.67 kwa dola moja, haibadiliki, kinachobadilika ni shilingi yetu na makato ya duka. Usimpe mtu wa mkononi eti ana reti nzuri, ikipotea huna pa kwenda na ni kinyume cha sheria. Inafuata ya chakula, alafu naweka dirham 100 ya ofu za mwezi mzima. Ofu mbili za karibu natumia 25 kila moja, moja ya mbali 50, na moja inabaki ya kufua na kulala bila kujilaumu. Mia moja ikiisha imeisha.

4. Panga simu ya nyumbani. Ni kweli, WhatsApp hapa meseji na voice note zinaenda vizuri ila kupiga haipigi. Watu wengi tunatumia apu ya Botim, mwambie mama au mke wako aiweke kwenye simu yake kabla hujaondoka, ukishafika kumfundisha kwa meseji ni shughuli. Nyumbani wako nyuma saa moja, hapa ikiwa saa 4 usiku kule saa 3, kwahiyo ukitoka shifti ya jioni bado unawapata macho. Mi nina siku mbili kwa wiki za kupiga, wanajua, na siku ya ofu napiga nikiwa nje sehemu nzuri sio kitandani. Mama akiona bahari nyuma yangu siku nzima anafurahi.

5. Pika kwa mafungu. Jiko la kempu lina foleni, ukitegemea kupika kila siku baada ya shifti utaishia kununua chakula cha nje na hela yote inaenda huko. Napika siku ya ofu asubuhi maharage au mchuzi wa siku tatu, naweka kwenye friji kontena zenye jina langu. Unga wa sembe unapatikana mtaa wa Deira kwenye maduka ya Waafrika, na sukuma, mhogo, ndizi mbichi pia. Mwiko nilikuja nao kwenye begi kutoka Tanga, wa mti, umeungua ncha na bado nautumia, na sufuria yangu nimeipaka rangi nyekundu kwenye mpini kwasababu jiko moja linatumiwa na watu 20 na sufuria zote zinafanana.

Samaki nenda Waterfront Market kule Deira upande wa baharini. Watu wa pwani hapo utajisikia uko nyumbani, ila majina ni mengine: changu wanaita shaari, nguru wanaita kanad, tasi wanaita safi. Ukishanunua kuna sehemu ya pembeni wanakuparia na kukukatia kwa malipo kidogo, omba wakuachie kichwa, wengine hapa wanakitupa.

6. Ofu ya kwanza: Deira na abra. Hii ndio namwambia kila mgeni aanze nayo maana ni rahisi na huwezi kupotea. Panda metro mpaka laini ya kijani, kubadilisha unabadilishia Union au BurJuman, shuka Al Ras. Ukitoka juu fuata watu, kwanza utapita soko la viungo, harufu tu ya karafuu na iliki inakurudisha mbali, alafu soko la dhahabu. Dirishani kwa duka moja utaona pete ya dhahabu ya zaidi ya kilo 50, kupiga picha ni bure. Kununua usinunue siku hiyo, sema la shukran na tembea, wale vijana wa saa na mikoba watakuita kaka, rafiki, mpaka Kiswahili wanakijua.

Kutoka hapo teremka kwenye maji mpaka stendi ya abra ya Deira Old Souk. Abra ni mashua ya mbao, ina benchi katikati mnakaa mmegeuziana mgongo mnatazama maji, miguu karibu iguse ukingo, nahodha kasimama katikati kwenye shimo la injini anakusanya sarafu. Dirham 1. Ndio zile sarafu nilizokwambia. Dakika chache tu mko ng'ambo Bur Dubai, ila hizo dakika kwa mtu aliyepanda kivuko cha Kigamboni au Likoni zina kitu chake. Ukitazama upande wa Deira utaona majahazi yamefungwa bega kwa bega yanapakia mafriji, matairi, mafuta ya kupikia. Majahazi ya namna hiyo ndio yalikuwa yanashuka na kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja zamani, babu yangu alikuwa anayasubiri bandarini Tanga, na mimi nikayakuta huku.

Mara ya kwanza nimepanda nilikuwa naongea na simu, nikakata, mzee mmoja wa kanzu nyeupe kakaa pembeni yangu akaniuliza, "Mwanangu, Tanga sehemu gani?" Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba kama mzee yoyote wa kwetu. Kazaliwa Zanzibar, katoka mtoto. Tuliongea mpaka tukafika ng'ambo na akanilipia dirham yangu. Wapo wengi wenye asili ya huko, Oman ndio zaidi lakini na hapa wapo, kwahiyo usimseme mtu kwa Kiswahili ukidhani haelewi.

Ng'ambo utapita soko la vitambaa, endelea kandokando ya maji mpaka mtaa wa zamani wa Al Fahidi, nyumba za mawe ya matumbawe zenye minara ya upepo na vichochoro vyembamba, ukizaliwa Mji Mkongwe utajua mwenyewe kona inakata wapi. Kutembea ni bure. Ukichoka rudi stesheni ya Al Ghubaiba. Hesabu yote: nauli 10 hadi 15, abra 1, chai na sambusa 5.

7. Ofu ya pili: bahari. Al Mamzar Beach Park kiingilio dirham 5, kuna kivuli, majani, mabafu, unaenda na chakula chako mnakaa kundi siku nzima. Angalizo, Jumatatu na Jumatano ni siku za wanawake na watoto tu, kwa kinadada wanaotaka kuogelea kwa uhuru ndio siku zao. Kite Beach ni bure kabisa na unaiona hoteli ya Burj Al Arab pale pale. Kipindi cha joto, kuanzia Juni mpaka Septemba, usiende mchana hata kama unajiona mgumu, jua linafika digrii 40 na kitu na mchanga unachoma nyayo. Nenda usiku, fukwe za Jumeirah 2, Jumeirah 3 na Umm Suqeim 1 zina taa kubwa na waokoaji, watu wanaogelea mpaka alfajiri. Bendera nyekundu ikiwa juu usiingie majini, ukijua kuogelea au hujui.

8. Jioni ya Burj Khalifa. Shuka stesheni ya Burj Khalifa/Dubai Mall, kuna daraja refu la ndani lenye kiyoyozi, tembea kama dakika 15. Kupanda juu ya jengo ni hela nyingi, mi miaka yote sijapanda na sijapungukiwa, ukikaa pale bwawani kuanzia jioni chemchemi zinacheza na muziki kila nusu saa bure na jengo la mita 828 liko mbele yako. Akwariamu kubwa iliyo ndani ya moli nayo unaiona kwa nje ya kioo bila kulipa. Kula kabla hujaingia.

9. Ukishazoea, toka nje ya mji. Abu Dhabi kuna basi E100 kutoka Al Ghubaiba na E101 kutoka Ibn Battuta, dirham 25 kwenda, unalipa kwa nol ile ile. Msikiti wa Sheikh Zayed kuingia ni bure kwa dini zote ila unajiandikisha kwanza mtandaoni, na mavazi wanaangalia kweli: kaptula hapana, mabega wazi hapana, mwanamke kichwa kifunikwe. Hatta milimani kuna basi H02 kutoka Dubai Mall, 25 pia, linaondoka kila baada ya masaa mawili, nenda mapema. Kwa zote mbili hakikisha kadi ina hela ya kwenda NA kurudi kabla hujapanda.

Makosa yanayowaingiza watu matatizoni

Hapa sitaki tufanye utani, nimeona watu wakirudishwa nyumbani kwa mambo haya.

Mchango wa msiba. Kwetu ni kawaida, mtu akifiwa unaanzisha group unachangisha. Hapa kuchangisha hela hadharani bila kibali ni kosa kisheria, hata kama nia yako safi. Mchango ufanywe na ndugu wakiwa nyumbani, wewe tuma chako kwa familia.

Picha na video za watu bila ruhusa, hasa wanawake, na matusi kwenye simu. Kumtukana mtu kwenye meseji ni kesi. Ukikasirika weka simu chini.

Mirungi ni dawa za kulevya hapa, usikubali kubebeshwa mzigo na mtu ukitoka likizo, hata iwe "majani ya dawa ya bibi". Na baadhi ya dawa kali za maumivu, tramadol na zenye kodini, usije nazo bila karatasi za daktari na kibali.

Kuvuka barabara pasipo na kivuko, dirham 400. Hiyo ni bajeti ya ofu zako za miezi minne.

Kazi za pembeni siku ya ofu bila kibali. Anakuja mtu anakwambia dirham 100 kwa siku njoo usafishe, ukikamatwa anayepata hasara ni wewe.

Kipindi cha Ramadhani heshimu wanaofunga, kula sehemu za kulia sio barabarani.

Mambo yakikwama

*Geti la metro linakataa kadi.* Mara nyingi salio ni dogo. Ongeza kwenye mashine, inapokea noti na ina Kiingereza. Bado ikikataa nenda dirishani, usijipenyeze nyuma ya mtu, kupanda bila kulipa ni dirham 200.

*Umekosa treni ya mwisho.* Tafuta wenzio wawili watatu mgawane teksi, zile rasmi za mita tu. Magari ya watu binafsi yanayokuita pembeni achana nayo.

*Umepoteza Emirates ID.* Mwambie mtu wa ofisi ya kampuni siku hiyo hiyo waanze kuomba nyingine. Ukichelewa mambo ya benki na laini ya simu yanakwama.

*Umeibiwa, umepotea au kuna dharura.* Polisi ni 999, gari la wagonjwa 998. Jambo lisilo la haraka piga 901. Ongea Kiingereza cha kawaida, wanaelewa.

*Bosi hakupi ofu.* Sheria ya kazi inasema angalau siku moja ya mapumziko kwa wiki, na wafanyakazi wa majumbani nao wana sheria yao ya 2022 inayowapa siku moja yenye malipo, dada zangu mnaofanya kazi ndani shikeni hilo. Andika tarehe ulizofanya kazi bila kupumzika, ongea kwanza na bosi kwa utulivu, ikishindikana kuna wizara ya kazi inapokea malalamiko kwa simu na kwenye apu. Mi kampuni yangu ya kwanza nilikaa wiki saba bila ofu kwasababu niliogopa kuuliza. Watanzania na Wakenya wote tuna ubalozi Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai, hifadhi namba zao kwenye simu leo.

*Bosi kashika pasipoti.* Haruhusiwi. Iombe kwa maandishi, na nakala yake kaa nayo kila wakati.

*Joto limekuzidi.* Kichwa kinazunguka, jasho limekata ghafla: ingia moli au stesheni yoyote iliyo karibu, kaa, kunywa maji taratibu, mwambie mlinzi. Usione aibu, nimekuwa mlinzi, tunasaidia watu hivyo kila kiangazi. Usipopata nafuu haraka, 998.

*Huna mtu wa kutoka naye.* Hili ndio swali wanaume wengi hawaulizi moja kwa moja, wanauliza tu "huko wanaenda watu?" Chagua mtu mmoja kempu ambaye ofu yenu inafanana, sio lazima awe wa kwenu, wangu wa kwanza alikuwa Mnepali, Kiingereza chetu wote kilikuwa cha kuungaunga na tulizunguka Deira yote. Msikitini na kanisani utapata wengine. Na kama wiki hii kweli hakuna mtu, nenda peke yako, anza na ule mzunguko wa Al Ras, saa 10 jioni jua likishapoa, ukiwa na sarafu mbili za abra mfukoni, moja ya kwenda na moja ya kurudi.